Umeme wa kijijini: nani anapanga?

Nimekopa sola ya kulipia kwa simu. Mwezi Mei sikuwa na hela, taa zikazimika zenyewe. Ni haki? (Newala)

Hazikuzimika zenyewe, ndugu yangu. Ndani ya kile kisanduku mna kufuli: usipolipa, umeme hautoki mpaka uingize namba za malipo. Aliyepanga marejesho ya kila mwezi alimfikiria mtu wa mshahara. Wewe ni mkulima wa korosho. Fedha yako inakuja baada ya mnada, kuanzia Oktoba. Kufuli hiyohiyo inaweza kupangwa ifuate msimu: ulipe fungu kubwa wakati wa mauzo, kisha ukae na mwanga mpaka mavuno mengine. Hakuna hata waya mmoja unaobadilishwa. Mkopaji mmoja hasikilizwi, kwa hiyo pelekeni hoja hii AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika cha wakulima, mjadiliane na muuzaji kama kundi kabla wengine hawajasaini.

Watu wa mradi wa umeme wa jua wametuita mkutanoni, na ramani wamekuja nayo tayari. Tuseme nini? (Msimbati)

Waulizeni: katika ramani hii, kipi bado kinaweza kufutwa? Kama hakuna, mmeitwa kupewa taarifa. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alieleza ushirikishwaji kama ngazi yenye vidato 8. Kupewa taarifa ni cha 3, kuulizwa maoni cha 4. Mamlaka ya wananchi yanaanzia cha 6.

Nyie wa Msimbati, mnaokaa jirani na visima vya gesi, mnalijua hili kuliko mimi. Jiwe la msingi la bomba la kwenda Dar es Salaam liliwekwa Novemba 2012. Maandamano makubwa ya Mtwara ya kulipinga bomba hilo yakaja Desemba. Bado inaniuma kwamba mazungumzo hayakutangulia. Safari hii mna pa kushika: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Msipige kura siku hiyohiyo. Na kama tarehe imeangukia msimu wa kuokota korosho, ombeni isogezwe, maana kina mama watakuwa shambani.

Mama yangu hakusoma. Anaweza kuwa fundi sola? (Lindi)

Anaweza. Wanawake wa vijijini Lindi na Mtwara walishapelekwa Tilonia, India, wakafunzwa miezi sita kwa rangi na ishara badala ya maandishi, wakarudi kufunga na kutengeneza sola. Mkiunda kamati ya umeme, mpendekeze mama kabla mtu hajataja vyeti.