Kabla ya kuilaumu dawa: kwa mnaoanza kazi ya viinitete

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kuchunguza namna dawa zinavyoharibu umbo la kiumbe kabla hajakamilika, na mtakaoifanya kazi hiyo hapa Unguja kwa yule mnyama wa baharini mwenye miiba, nungu wa bahari, tunayemwokota kwenye majani ya pwani ya Paje na Jambiani maji ya bamvua yakishapwa. Tangu mwanzo fahamuni kwamba kuua kiinitete, yaani kiumbe huyo asiyekamilika, si kazi ngumu, hata maji machafu yanaua. Tunachokitafuta ni kiinitete kilicho hai, kinachoogelea, lakini viungo vyake vimekaa pasipo pake.

Anzeni na lithiamu. Chumvi zake huwatibu watu wenye maradhi ya akili yanayowapandisha na kuwashusha, na madaktari huwa na hadhari kubwa kuwapa wajawazito katika miezi ya mwanzo kwa kuhofia moyo wa mtoto. Mwaka 1892 Mjerumani Curt Herbst alieleza kwamba mayai ya nungu yakikuzwa katika maji ya bahari yaliyotiwa lithiamu hutoa lava, yaani watoto wachanga wa nungu wanaoogelea, ambao utumbo wao hutokeza nje badala ya kuingia ndani. Sababu ilifahamika zaidi ya miaka 100 baadaye. Watafiti Klein na Melton walionyesha mwaka 1996 kwamba lithiamu huzuia kimeng'enya kiitwacho GSK-3, ambacho huitia alama protini ya beta-katenini ili ivunjwe. Katika kiinitete kisichotiwa dawa, beta-katenini hukusanyika ndani ya viini vya seli za upande wa chini tu, ambako utumbo utaanzia. Kimeng'enya kikizuiwa, hukusanyika hata katika seli za juu yake, na zile zilizokuwa ziwe ngozi zikageuka utumbo. Chini ya hadubini mtaona kitufe kidogo kinachozunguka, kimebanwa kiunoni, na chini yake umening'inia mfuko mwembamba kama puto: huo ndio utumbo.

Mwaka wangu wa kwanza niliona maumbo ya ajabu katika sahani ya lithiamu, nikafurahi na kuyaandika daftarini. Mwalimu wangu hakutazama sahani hiyo. Aliuliza ile isiyo na dawa ikoje. Nilikuwa nimeiandaa, lakini sikuwa nimeitazama. Tulipoiweka chini ya hadubini, nayo ilikuwa imejaa lava waliopinda, kwa sababu nilisongamanisha viinitete vingi mno, umeme ukakatika usiku na maji yakapata joto. Kazi yote ya bamvua ile ilikwenda bure, na mpaka leo naiona aibu yake.

Kwa hiyo tandazeni viinitete safu moja tu chini ya sahani, na mkiona mayai yaliyoinua utando wa utungisho, ule unaolizunguka yai likishatungishwa, hayazidi 90 katika kila 100, yamwageni yote mwanze na nungu mwingine. Wekeni pia sahani ya tatu yenye chumvi ya kawaida kwa kipimo kilekile mlichotumia cha lithiamu, ili mjue kama kilichodhuru ni lithiamu yenyewe au ni kuzidi kwa chumvi majini. Anayehesabu asijue sahani ipi ina nini.

Saa ya kutia dawa ina uzito sawa na kipimo chake. Lithiamu hufanya kazi yake seli zikiwa bado zinagawanyika. Utumbo ukishaingia ndani, haiutoi tena. Nikeli huja baadaye kidogo na kuvuruga mhimili mwingine, ule wa upande wenye mdomo na upande wa mgongo, hata mifupa ikaota kuzunguka mwili mzima. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961, iliharibu viungo vya watoto zaidi ya 10,000 duniani, na madhara hayo yalitokana na dawa iliyomezwa katika wiki chache tu za mwanzo wa mimba.

Panya wakipewa thalidomaidi hawapati ulemavu huo, ilhali sungura wanaupata. Ndiyo maana lava wa nungu akitoka salama katika dawa fulani, andikeni kwamba dawa hiyo haikumdhuru nungu, kwa kipimo hicho na kwa saa hizo, wala msimtaje mjamzito.