Kujitolea Japani na kikundi cha kanisa bila kujua Kijapani

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kwenda na kikundi cha kanisa kusaidia waathirika wa maafa Japani wakati Kijapani hukijui. Inawezekana kabisa. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, kazi kubwa pale Ishinomaki, mji wa pwani uliopigwa vibaya, ilikuwa kutoa tope majumbani mwa watu, na kushika chepe hakuhitaji lugha. Vaa buti zenye bati la chuma ndani ya soli, maana vifusi vimejaa misumari. Chakula na maji beba vyako, usiwapunguzie wenyeji. Bima ya wanaojitolea kata kabla ya kuanza.

Ila kazi iliyo karibu na moyo wangu ni ya beseni: mzee analoweka miguu kwenye maji ya moto huku unamkanda mikono polepole. Ilifanyika mjini Kobe baada ya tetemeko la 1995, ikafika hadi Tohoku, eneo la kaskazini-mashariki lililopigwa na tsunami ile. Mtu aliyekuwa kimya huanza kusimulia habari za mkewe, za mashua yake. Hapo mwombe Mjapani akae nawe akutafsirie. Na tafadhali usihubiri. Wengi wamefiwa, na dini yao wanayo. Msikilize tu.