Maswali na Majibu: Sanaa ya Roma Ilimfundisha Nani?

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu sanaa ya Roma ya kale. Nimezichagua kwa hila, maana kuna jambo linaniwasha: sanaa hiyo ilimfundisha nani, na ilimfundisha nini?

Kwa nini Warumi walipenda sanamu nyeupe?
Hawakuzipenda nyeupe. Walizipaka rangi, karne zikaifuta. Nimeshalijibu hili mara nne. La tano sitalijibu.

Kama shule zilikuwepo, kwa nini mtoto wa Kirumi alihitaji picha?
Shuleni alijifunza kusoma na kuhesabu. Kuwa Mrumi alijifunzia ukumbini kwao. Familia za wakubwa zilihifadhi kabatini vinyago vya nta vyenye sura za mababu waliowahi kushika vyeo vya juu. Akifa mkubwa, watu walivivaa pamoja na toga, yaani joho, ya cheo cha kila babu, wakaandamana hadi Foro, uwanja mkuu wa mji, na kuketi kwenye viti vya pembe za ndovu, kana kwamba wafu wamekuja kumzika mwenzao. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 K.K., aliona hakuna tamasha linaloweza kumtia kijana hamu ya sifa kuliko hilo. Namwamini. Ila wewe chungulia kabatini uone nani hayumo: bibi hayumo, wala mtumwa aliyewalea hao waheshimiwa. Mtoto alilishika na hilo pia, bila kuambiwa neno.

Nguzo ya Trajan ni kitabu cha historia?
Ni kitabu cha mshindi, yaani Kaisari Trajan mwenyewe. Ilizinduliwa mwaka 113 B.K., na ukanda wake wa michongo, wa takriban mita 200, unaizunguka kutoka chini hadi juu. Utaona askari wakivuka mto Danube, wakikata miti, wakijenga ngome. Yupo hata Mrumi aliyejeruhiwa anafungwa kidonda. Maiti, lakini, ni za Wadaki, maadui wa Roma katika vita hiyo. Vita gani hiyo inayoua upande mmoja? Wanafunzi mnaoinukuu kama shahidi asiye na upande, acheni.

Wasiojua kusoma walielezwa na nani?
Wakati mwingine na mwenye picha mwenyewe. Lucius Hostilius Mancinus, aliyetamba kuwa wa kwanza kuingia Karthago, mji adui wa Roma kule Afrika Kaskazini, aliweka Foroni picha ya mji huo na mashambulizi yake, akasimama kando akiwasimulia watu hatua kwa hatua. Scipio Aemilianus, jemadari aliyeuteka mji wenyewe, alikasirika. Haikusaidia, Mancinus alichaguliwa kuwa konsuli, mmoja wa watawala wawili wakuu wa Roma, wa mwaka 145 K.K. Kwa hiyo ukimkuta mtu anakufafanulia picha kwa upole kiasi hicho, muulize anagombea nini.

Ile mozaiki (picha ya vijiwe) ya mbwa mlangoni kule Pompeii, mji wa Kirumi, ina fumbo gani?
"Jihadhari na mbwa." Imeandikwa hapo hapo, chini ya miguu yake.