Kompyuta ikijiwasha upya yenyewe, anzia ukutani kabla hujapiga Windows

Hapa Dodoma ukitaja tu kwamba kompyuta yako ya mezani inajizima na kujiwasha yenyewe, majibu yanakuwa tayari kabla hujamaliza kueleza: ina virusi, au Windows imechoka, ipigwe upya. Unalipa, unakesha ukirudisha mafaili, na kesho yake mchana inajizima tena mbele ya macho yako. Miaka yote hii ninayojiunganishia mashine mwenyewe, na kuwaunganishia jamaa kuanzia Nkuhungu mpaka Ilazo, ugonjwa huu nimeukuta kwenye umeme, kwenye ramu, kwenye joto, mara moja hata kwenye kitufe cha kava. Kwenye Windows yenyewe, bado.

Kama huniamini, kuna kipimo cha bure. Weka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure usio Windows, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kuisakinisha, halafu fanya kazi zako za kawaida humo siku nzima. Hadidiski haiguswi. Ikijizima hata humo, basi Windows haina hatia, na hela ya kuipiga upya baki nayo.

Baada ya hapo jiulize inajizima wakati gani. Ukiwa kwenye gemu zito? Ikiwa imetulia tu na wewe umeenda kunywa chai? Asubuhi ikiwa ya baridi? Friji au pampu ya maji inapoanza kunguruma? Weka daftari pembeni, andika saa na kilichokuwa kikiendelea. Inachosha, najua, lakini ukurasa mmoja wa daftari hilo una faida kuliko kumwambia fundi "inazima tu yenyewe". Angalia pia inavyokufa. Ikikatika papo hapo, skrini nyeusi, kisha ikaanza kuwaka upya, mimi hushuku umeme kwanza, kuanzia soketi ya ukutani mpaka pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawia kompyuta umeme. Picha ikiganda, sauti ikakwama na kurudia rudia kabla haijawaka upya, hapo naangalia ramu, prosesa au kadi ya picha.

Kuna kijana ana steshenari karibu na chuo kikuu, kila mara simu yake ilikuwa ileile: "Kaka, mashine imekufa tena, na hapa nina foleni ya watu wa CV." Alishabadilisha ramu kwa kubahatisha. Nikaenda, nikakaa kwenye benchi la wateja bila kugusa kitu. Mtu akaleta flashi, akataka kurasa zake. Printa ya leza ikakoroma ikianza kupata moto, taa ya dari ikafifia kidogo, kompyuta ikawaka upya. Nikamwambia aprinti tena. Ikawaka upya tena. Printa, kompyuta, mashine ya laminesheni na feni ya mezani vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja nyembamba, na plagi ya hiyo ekstensheni ukiishika ilikuwa ya moto kwa sababu soketi ya ukutani ilishalegea.

Printa ya leza ina roli inayopashwa moto ili kuyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na roli hiyo inapoanza kupata moto inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Waya mwembamba na soketi iliyolegea haviwezi kuubeba, hivyo volti zinashuka kwa kila kilichochomekwa hapo. Pawa saplai nyingi za siku hizi zinakubali chochote kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo mshuko mdogo zinauvumilia. Lakini zile zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ya kuchagua 115 au 230, hazina uvumilivu huo, na yake ilikuwa mojawapo. Tulichofanya ni kumwita fundi umeme abadilishe soketi, printa ikapewa soketi yake ya ukutani, na kompyuta ikahamia kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ile ramu mpya bado anayo, haikuwa na kosa lolote.

Nikigusia UPS: nyingi ninazoziona maofisini na madukani ni mapambo. Betri ya ndani, ile ya volti 12 na ampea-saa 7 (7Ah), kwa kawaida inachoka baada ya miaka mitatu mpaka mitano, na joto linaiwahisha. Hifadhi kazi yako, kisha chomoa waya wa UPS ukutani ukiwa umewasha kompyuta. Ikizima hapohapo, hiyo UPS ni ekstensheni nzito tu. Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS hata ikiwa na betri mpya.

Jambo jingine la ukutani ni ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ukigusa bati la kava ukahisi linakuchonyota, mara nyingi maana yake ni kwamba waya wa ethi haujafika, au fimbo yake imezama kwenye udongo mkavu usiopitisha umeme vizuri, na kiangazi chetu unakijua. Hilo peke yake si lazima liwe ndilo linaloizima kompyuta, ila usiliache. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, si ya fundi kompyuta.

Ukimaliza ukutani, ndipo uingie kwenye mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, fungua kichupo cha tatu, kisha kitufe cha mipangilio cha tatu kutoka juu. Ondoa tiki kwenye mstari wa kujiwasha upya mfumo unapoanguka. Kuanzia hapo, kama kinachotokea ni skrini ya bluu inayopita haraka usiione, itabaki imesimama na utasoma jina la kosa. Halafu andika eventvwr kwa njia ileile, uingie kwenye kumbukumbu za mfumo. Utakuta tukio namba 41 lenye alama nyekundu, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Namba 41 haikuambii sababu. Inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa ipasavyo, na hata ukichomoa waya kwa mkono utaikuta. Cha maana ni kuifungua na kuangalia thamani ya BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na shaka inarudi kwenye umeme, mazabodi (ubao mkuu) au prosesa. Ikiwa namba nyingine, kuna kosa la kufuatilia. Ukikuta pia matukio ya WHEA-Logger, prosesa au mazabodi imeripoti hitilafu ya vifaa, na si jambo la kupuuza.

Mashine yangu mwenyewe ilikuwa na tabia ya ajabu. Prosesa ni Ryzen 5 2600 ya mtumba kutoka Kariakoo, pawa saplai ilitoka kwenye kompyuta ya zamani. Kwenye gemu haikuwahi kuzima. Ilizima usiku, nikiwa nasoma habari, au nimeiacha inapakua kitu. Kila niliyemuuliza alisema joto, wakati kipima joto kilikuwa kinasoma nyuzi 40 na kitu, na prosesa hiyo inaruhusiwa kufika 95. BugcheckCode 0 kila mara.

Dawa ilikuwa ndani ya bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka. Prosesa za Ryzen zikipumzika zinapunguza sana umeme zinaovuta, na baadhi ya pawa saplai za zamani haziwezi kutoa kiasi kidogo namna hiyo bila kuyumba. Kwenye mazabodi nyingi za Ryzen kuna kipengele kinachoitwa Power Supply Idle Control, kimefichwa kwenye menyu za ndani za AMD CBS. Nilikitoa Auto nikakiweka Typical Current Idle, na mashine ikatulia. Baadaye nilipopata pawa saplai mpya nilikirudisha Auto makusudi ili nione. Haikuzima. Hapo nikajua ni ile ya zamani iliyokuwa ikishindwa. Basi ukiona kompyuta inakufa ikiwa imepumzika na inaishi ikiwa na kazi, usikimbilie kununua feni.

Ramu ndiyo inayofuata, na hapa nashauri uvumilivu. Watu wengi wanaingia bayosi wanawasha XMP, mpangilio wa kuikimbiza ramu kwa kasi ya juu, kwa sababu boksi lake limeandikwa kasi ya 3200. Lakini hiyo Ryzen 5 2600 niliyoitaja, AMD wenyewe walioitengeneza wameihesabu mpaka ramu ya 2933 tu. Kinachozidi hapo ni bahati yako. Zima XMP, iache itembee na 2133 au 2666, uone kama ugonjwa unaondoka. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi uiache ifanye kazi usiku kucha. Toleo la bure linapitia ramu mara nne. Kosa hata moja ni nyingi. Likitokea, chomoa ramu zote, pima moja moja kwenye tundu lilelile ili ujue mbovu ni ramu au ni tundu. Na kabla ya yote hayo, zitoe na kuzirudisha mpaka zilie tik. Ramu iliyokaa nusu nimeiona mara nyingi kuliko ramu iliyoungua.

Joto sitalisemea sana. Prosesa ya kisasa ikizidiwa na joto kwanza inajipunguza kasi, ndipo inakata umeme, na mara nyingi inabaki imezima badala ya kujiwasha upya. Ila vumbi letu jekundu ni habari nyingine. Kuanzia Juni upepo ukianza kuvuma, kompyuta iliyokaa sakafuni inajaa, na pawa saplai inayovuta hewa kwa chini ndiyo ya kwanza kuzibwa. Inyanyue juu ya meza. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, kisha safisha kwa brashi laini ya rangi na bloa, ukiwa umezuia feni kwa kidole zisizunguke. Pawa saplai isafishe kwa nje tu. Usiifungue hata kama fundi wa mtaani anaifungua. Kapasita zake zinabaki na umeme unaoweza kukuua baada ya kuchomolewa.

Vitu vidogo vya bure visikuponyoke. Chomoa nyaya mbili za kitufe cha kuwasha upya pale zinapoingia kwenye mazabodi, uishi bila hicho kitufe kwa siku chache. Vumbi likiingia ndani yake kinaweza kubonyea chenyewe. Hiyo ndiyo ile ya kava niliyoitaja juu, na mwenye mashine alishapanga kuuza kila kitu. Sukuma tena plagi ya pini 24 na ile ya prosesa juu kushoto. Kadi ya picha yenye matundu mawili ya umeme ipe nyaya mbili tofauti, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Hakikisha hakuna kijiguu cha skrubu kilichobaki nyuma ya mazabodi pasipo na tundu lake.

Pawa saplai ukitaka kuipima kwa mita ya fundi, waya wa njano na mweusi zinatakiwa zisome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma nje ya hapo, mbovu. Ikisoma ndani, bado hujaisafisha jina, kwa sababu mshuko wa sehemu ya sekunde mita ya kawaida haiuoni. Kipimo cha kweli ni kuazima nyingine nzuri kwa jamaa na kukaa nayo muda mrefu kuliko ule ambao mashine huwa inachukua kabla ya kujizima. Badilisha hicho kimoja tu, vingine uviache kama vilivyo, la sivyo hutajua kilichoponya.

Na ikithibitika ni yenyewe, hicho ndicho kifaa pekee ambacho mimi sinunui mtumba tena. Prosesa ya mtumba sawa, ramu sawa ukishaipima, pawa saplai hapana. Ukiagiza Dar, mwambie anayekununulia afungue boksi mbele ya muuzaji na aangalie waya wa prosesa una pini 8, maana baadhi za bei ya chini zinakuja na pini 4.