Senta asiyefunga: majibu kwa wachezaji wa hoki ya kuigiza

Wiki hii karibu barua zote ni za hoki. Sijui nani ameileta Lubumbashi, mji ambao barafu yake inakaa kwenye friji za wauza maji, lakini imeshika. Kwa asiyejua: katika ligi ya hoki ya kuigiza unaumba mchezaji mmoja, unachuma pointi kila wiki kwa mazoezi na kazi ndogondogo za ligi, unazigeuza kuwa sifa kama mbio, pasi na ukabaji, kisha kompyuta inacheza mechi na kutoa matokeo. Hakuna kitufe cha kubonyeza mechi ikiendelea. Yote yameamuliwa kabla.

Yaya, kocha ananitaka nitengeneze senta wa ulinzi. Senta si wa kufunga? (Msomaji wa Katuba)

Hoki ya barafuni ina watu sita kila upande: kipa, mabeki wawili, mawinga wawili na senta. Senta anashambulia na wenzake, lakini kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kikipotea ndiye anayerudi chini kabisa, mpaka mbele ya goli lake, kuwasaidia mabeki. Wa ulinzi ni yule ambaye kocha anamtuma kila mara dhidi ya washambuliaji wakali wa upande wa pili. Mkumbuke Claude Makelele, mzaliwa wa Kinshasa, alivyowalinda mabeki wa Real Madrid na Chelsea huku wengine wakifunga. Kazi ni ileile, ila juu ya viatu vya chuma.

Niko na pointi chache za mwanzo. Niziweke wapi? Rafiki yangu anasema zote kwenye kuwania kisahani refa anapokidondosha. (Msomaji wa Kampemba)

Mwambie rafiki yako tupige hesabu. Senta wa kawaida anakutana na udondoshaji kama 20 kwa mechi. Wa wastani anashinda nusu, yaani 10. Hata mabingwa wa kweli wa Marekani na Kanada hawazidi sana asilimia 60 kwa msimu mzima, yaani 12. Umemwaga pointi zote kupata visahani viwili! Ni sifa ya lazima, sikatai, maana kisahani kinachodondoshwa karibu na goli lako ukikipoteza unaweza kupigwa bao papo hapo. Ipandishe mpaka wastani mzuri, kisha iache.

Anza na kusoma mchezo wa ulinzi pamoja na kujipanga. Hizo mbili ndizo zinazomfikisha mtu wako kwenye njia ya pasi kabla pasi haijapigwa. Sambamba nazo, mbio na wepesi wa kuondoka. Wengi wanasahau hapa: uwanja wa Amerika Kaskazini una urefu wa karibu mita 61, na senta anaupanda na kuushuka wote. Akili ikiona hatari na miguu ikachelewa, bao linaingia vilevile. Halafu ufundi wa kunyang'anya kwa gongo, kwa sababu anayenyang'anya kwa gongo kwa usafi habaki chini wala haitwi na refa.

Stamina isipungue. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na mtu wako ndiye atakayeingizwa timu ikicheza pungufu, mwenzake akiwa ametolewa kwa kosa. Kuzuia mashuti kwa mwili waachie mabeki kwanza.

Na pasi, tafadhali! Naona masenta wengi wa ulinzi waliojengwa bila pasi kabisa. Wananyang'anya vizuri, wanatoa kisahani kwa adui, wanaanza kulinda upya. Huyo si mlinzi, ni mfungwa wa eneo lake.

Jambo moja la bei: katika ligi nyingi, kadiri sifa inavyopanda ndivyo hatua inayofuata inavyogharimu zaidi. Kwa hiyo sifa nne za ngazi ya kati huwa na faida kuliko moja ya kileleni, angalau misimu ya kwanza. Injini za kuigiza, yaani programu zinazocheza mechi, hazifanani, lakini. Soma kanuni za ligi yako kabla hujaniamini mimi.

Wenzangu wananicheka: mechi nyingi, mabao mawili tu. (Msomaji wa Ruashi)

Waulize kama wanajua tuzo ya Frank J. Selke. NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, inaitoa tangu 1978 kwa mshambuliaji anayelinda vizuri kuliko wote. Bob Gainey wa Montreal, ingawa yeye alikuwa winga, aliichukua mara nne za mwanzo mfululizo. Patrice Bergeron, senta wa Boston, aliichukua mara sita, ya mwisho 2023. Mwangalie yeye ukitaka mfano: alifunga pia, hakuwa ukuta tu.

Kwenye takwimu zako, usishikilie ile hesabu ya jumlisha na toa, inayopanda timu yako ikifunga ukiwa uwanjani na kushuka ikifungwa. Inachafuliwa na kipa mbovu. Tazama umecheza dakika ngapi timu ikiwa pungufu na ulipangwa dhidi ya nani. Kama kocha anakutupa dhidi ya vibonde, mwandikie. Kosa ni lake.

Nimwongezee ubabe? Napenda wanaogonga. (Msomaji wa Kamalondo)

Kidogo tu. Kosa dogo ni dakika mbili nje, na timu yako inalinda pungufu bila mlinzi wake. Weka pointi kwenye utulivu wa hasira.

Mechi zinaigizwa saa nane usiku. Umeme ukikatika je? (Msomaji wa komini ya Kenya)

Lala. Saa nane usiku kwetu ni saa mbili jioni Toronto wakati wa kiangazi, na majira ya baridi wao wakirudisha saa nyuma, saa mbili yao inakuwa saa tisa usiku kwetu. Mchezaji wako anacheza simu ikiwa imezimwa. Muhimu ni kutuma mabadiliko ya sifa kabla ya muda kufungwa, kwa hiyo yatume mchana ukiwa na chaji. Kurasa za maandishi hazili mega nyingi. Matangazo ya video ndiyo yanayozimaliza.

Naweza kuandika kwamba mchezaji wangu amezaliwa Lubumbashi? (Msomaji huyohuyo wa Kenya)

Ligi nyingi zinaruhusu. Uliza tu kuhusu mashindano ya mataifa, maana Kongo si mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, na ligi inaweza kukupangia taifa jingine. Kenya imeingia mwaka 2024. Kenya ya Nairobi, si komini yako.