Mtoto anatakiwa akapimwe na mwanasaikolojia, niogope?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, kuongea anaongea vizuri tu na maswali yake hapa nyumbani mpaka tunachoka, ila kusoma hamna kitu, ukimpa sentensi moja jasho linamtoka. Sasa mwalimu kaniita kasema inabidi akapimwe na mwanasaikolojia. Baba yake kagoma kabisa, anasema wanataka kumuandika mtoto kuwa ana matatizo ya akili. Hivi hivyo vipimo ni vya nini hasa, na je nimfundishe kwanza asije akafeli? – Mama J

JIBU: Pole Mama J, na hofu ya baba naielewa maana mwanasaikolojia akitajwa tu watu wengi wanawaza kichaa moja kwa moja. Nianze na la kufeli: hapa hakuna kufaulu wala kufeli, na nakuomba sana usimfundishe, sababu utaiona huko chini.

Kipimo kipo ili kujibu swali, na swali la mwanao liko wazi, mtoto anayejieleza hivi kwa nini kusoma kunamshinda? Inaweza ikawa macho, masikio, uoga, masomo aliyoyakosa huko nyuma, au disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao unampata hata mtoto mwenye akili nyingi tu. Kila sababu ina msaada wake na mkiikosea mtapeleka tuisheni mwaka mzima bila kubadilika kitu. Vipimo vyenyewe vilianzia hapohapo, mwaka 1905 Ufaransa Alfred Binet na mwenzie Théodore Simon walitoa kipimo chao ili watambuliwe watoto wanaohitaji kufundishwa tofauti, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai akili ya mtoto haiwezi kuongezeka.

Mpimaji anayeijua kazi yake hakimbilii makaratasi. Ataanza na nyie wazazi, mtoto alianza kuongea lini, nyumbani mnatumia lugha gani, afu mwalimu, afu madaftari, na atauliza kama macho na masikio yashapimwa (kama bado, anzeni huko). Mtaombwa ridhaa kabla ya chochote, na baba ana haki ya kuuliza kila kitu hapo.

Siku yenyewe wanakaa wawili mezani, wanaongea kwanza mpaka mtoto atulie. Atamtajia tarakimu moja moja, tuseme 4, 9, 2, mtoto azirudishe kinyumenyume, 2, 9, 4, zinaongezwa hivyo mpaka zimshinde, na kushindwa huko ni kawaida kwa kila mtoto, ndo kinachoonyesha anaweza kushika vingapi kichwani huku anavifanyia kazi. Kuna kupanga vibao vya rangi vifanane na picha, kuna kueleza maana za maneno. Kwenye kusoma atapewa maneno ya kweli na ya kutunga pia, mfano "lupefa", maana hilo hajawahi kuliona popote hawezi kulikariri, lazima aunganishe sauti mwenyewe, na hapo ndipo mtoto wa disleksia anapokwama.

Maelekezo yanasomwa vilevile kwa kila mtoto, kwa sababu alama peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na za watoto wengi wa umri wake waliopimwa kwa utaratibu huohuo. Sasa wewe ukimfundisha ataonekana hana shida, na msaada ataukosa.

Kwenye vipimo vingi vya IQ, yaani alama ya jumla ya uwezo wa akili, wastani ni 100 na kama watoto 2 kati ya 3 wanaangukia kati ya 85 na 115. Mtoto akiamka na homa alama inashuka, kwa hiyo ripoti ya maana inakupa kuanzia hapa mpaka hapa, mfano 92 mpaka 104, siyo namba moja kavu. Mimi hiyo ya jumla nisingeihangaikia sana, angalia tofauti za ndani, kama alama za maneno ziko juu na za kusoma ziko chini kabisa basi jibu mnalo. Na hakikisha anapimwa kwa lugha anayoiongea, la sivyo watapima lugha tu. Ripoti ikitoka usikubali kupewa bahasha ukaondoka, kaa na mpimaji akueleze na akuandikie mwalimu afanye nini darasani, kuanzia lini.

SWALI: Mi nimefanya kipimo cha IQ kwenye intaneti nikapata 142. Nikitumie kuchagua kozi ya chuo? – Kijana

JIBU: Hapana mdogo wangu. Vingi vya huko haijulikani umelinganishwa na nani, na vipimo vya kweli vinafungiwa, havimwagwi hovyo maana maswali yakishavuja kipimo kimekufa. Halafu hata IQ ya kweli haikuambii unapenda nini. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, wana vipimo vya mwelekeo wa kazi, na beba matokeo yako ya mitihani muyasome pamoja.