Jibu: Historia ya kiwanja chenye fremu Sinza

Mkuu, umeuliza utajuaje kama nyumba unayotaka kununua Sinza, Dar es Salaam, iliruhusiwa kuwa na fremu za biashara (vyumba vya maduka) mbele. Anza na hati, matumizi ya kiwanja yameandikwa humo. Kisha beba namba ya kiwanja na kitalu, nenda idara ya mipango miji pale manispaa, uombe kuona mchoro wa mipango miji na jalada la kibali cha ujenzi. Mimi niliwahi kufunguliwa mchoro uliochakaa kwenye mikunjo, nikakuta kona nzima ya kiwanja imo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara. Dalali kimyaaa! Kama matumizi yalibadilishwa kihalali, maombi na idhini viwemo jaladani. Fotokopi ya muuzaji usiiamini.